Wali Uliobaki Osaka

Ubavuni mwa mashine ya kukobolea mpunga, pale Ipinda, kuna benchi refu lenye miguu mitatu na tofali moja. Wake za watu wanaliita Baraza la Pumba. Wanaume wenyewe hujitetea kwamba jina limetokana na pumba za mpunga ambazo mashine inazimwaga nyuma yao tangu asubuhi. Wake zao hawajawahi kulithibitisha hilo. Mashine ikinguruma, kila mtu anapayuka ili asikike. Ikizimwa ghafla, wanajikuta wanakaripiana uso kwa uso kama watu wenye kesi, kumbe walikuwa wanasifia kashata. Kahawa inatoka kwa Mama Kahawa, mwanamke aliyevuka mpaka kutoka upande wa Karonga miaka saba iliyopita akiwa na birika, jiko la mkaa na vikombe kumi na viwili. Vikombe vimebaki tisa. Yeye mwenyewe si mwongeaji.

Jumatano hiyo baraza lilitimia mapema, kwa sababu Andongwisye alikuwa na shauri, na shauri lenyewe halikuweza kungoja.

Andongwisye ni mkulima wa Ngonga: mpunga bondeni, kakao na migomba nyuma ya nyumba. Mwezi uliopita chama chao cha wakulima kilimpeleka Japani, jiji la Osaka, siku saba nzima, akawaoneshe watengenezaji wa chokoleti jinsi anavyoivundika kakao kwenye majani ya migomba mpaka ichachuke sawasawa. Tangu arudi hakuna aliyemwita jina lake tena. Anaitwa Japani, na haki ya Mungu kwa siku kumi za mwanzo alilipenda. Siku ya kumi na moja, ndiyo Jumatano hiyo, alifika na mfuko mweupe wa mchele, kilo mbili, uliochambuliwa na mkewe punje kwa punje, akaupakata mapajani. Saa nne Nancy, katibu wa chama, angepita na gari kupeleka sampuli za kakao uwanja wa ndege Songwe, ziende Osaka. Mchele ungeweza kwenda nazo. Kilichokosekana ni barua ya kuusindikiza, na Andongwisye hakujua aandike nini.

Waliokaa naye walikuwa watatu. Nahodha, ambaye kanisani anaitwa Gwamaka, alifunga kamba za meli bandarini Itungi enzi hizo meli zinaondoka kuelekea kusini, na ingawa hajavuka Mbamba Bay, hakuna bahari asiyoijua tabia. Sheria ni Ambrose. Aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba, kesi ikachukua miaka minne, na yeye akatoka humo mwanasheria. Wa tatu ni Wilson, anayebadilisha kwacha pale Kasumulu. Huyo ni Dola.

— Kabla ya shauri, simu, — alisema Dola. — Leo hatujaona picha.

— Si mliziona jana?

— Jana nilikuwa mpakani, kaka. Usininyime.

Andongwisye akatoa simu. Picha zilikuwa arobaini na moja, zote za vyakula. Vichwa vitatu vikagongana juu ya kioo.

— Hivi vimpira ni nini? — Nahodha aliuliza, kwa mara ya nne tangu wiki iliyopita.

— Pweza. Wanamkatakata, wanamtia kwenye uji wa ngano, wanauviringisha kwenye chuma chenye mashimo. Unakula huku unapuliza. Nje laini, ndani moto wa Jehanamu.

— Vitumbua, — alisema Mama Kahawa bila kugeuka.

— Na hii?

— Kabichi, unga, mayai, nyama. Anakupikia hapo hapo mbele yako kwenye bati la moto, halafu anapaka mchuzi mweusi kwa brashi.

— Brashi ya rangi? — Sheria alitaka kumbukumbu iwe sahihi.

— Kama ya rangi. Lakini safi.

— Aisee, — alisema Dola. — Mtu aliyekula hivi siku saba anarudi na kitambi. Wewe umerudi kichwa kimeinama.

— Ndilo shauri lenyewe, — alisema Andongwisye.

Mashine ikazimwa. Mwenye mashine alikuwa anabadilisha mkanda, na kwa hiyo kila neno lilisikika.

Akawaeleza. Mchana walikula na wenyeji wao, watu wenye suti, na alishiba. Jioni waliachiwa. Nyuma ya hoteli palikuwa na kiduka cha chakula chenye viti vinane tu, na mama mmoja mzee, mfupi, kitambaa kichwani, anapika mwenyewe na kuandaa mwenyewe. Jioni ya kwanza Andongwisye alifuata harufu ya samaki wa kuchoma, akaingia. Mama akamwekea samaki, supu ya maharage, figili za kuchachusha na bakuli la wali.

— Wali wao ukoje? — aliuliza Sheria. Hapo hata mwenye mashine alisogea, mkanda mkononi.

— Unanata.

Mwenye mashine akaushusha mkanda.

— Unanata vipi?

— Unashikana. Unanyanyua bonge kwa vijiti viwili, halidondoki.

— Pole sana, nkamu, ndugu yangu, — alisema Nahodha, kwa dhati kabisa.

— Gwe, sikiliza kwanza. Ulikuwa mtamu. Mimi mtu wa Ngonga nasema mbele yenu, ulikuwa mtamu. Kila punje imeshiba yenyewe, unatafuna unapata sukari kwa mbali. Na yule samaki, ngozi kavu inalia, ndani mafuta. Mnakumbuka mbasa wa ziwani tuliokuwa tunakula utotoni? Sijala vizuri hivyo tangu mama yangu afariki. Nikarudi kesho yake. Nikarudi jioni zote sita.

— Sasa kosa liko wapi?

— Nilibakiza.

Wakaangaliana. Hakuna aliyeona kosa. Kila mmoja pale benchini alilelewa hivyo hivyo: mgeni hakwangui sahani. Ukikwangua umetangaza kwamba hujashiba, umemvua nguo mwenye nyumba, na isitoshe kule jikoni kuna watoto wanaohesabu matonge yako. Kwa hiyo mtu aliyefunzwa anaacha vijiko viwili, pembeni, kwa adabu.

— Ulibakiza vizuri? — Sheria aliuliza. — Hukuvurugavuruga?

— Pembeni, pasafi. Kama ukweni.

— Basi hata mahakama ya rufani inakuachia huru.

— Ngoja. Kesho yake akaniwekea wali pungufu. Nikajua ameona mimi si mlaji. Nikabakiza vijiko vyangu viwili. Kesho kutwa akapunguza tena, samaki akawa mkubwa zaidi.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — alisema Dola. — Wewe siku ya tatu unapewa samaki mkubwa. Hapo hapo ningeshtuka.

— Siku ya nne aliumwaga ule wa kwenye sufuria, akapika mwingine nikiwa nimekaa pale. Ya tano vilevile. Jioni ya sita akaja na kibakuli kama cha mtoto, kakishika kwa mikono miwili, akasimama mbele yangu. Ndani vijiko vinne, basi. Nikajisemea, leo naagana naye, leo adabu izidi. Nikabakiza viwili.

— Nusu nzima! — alisema Nahodha kwa kuvutiwa.

— Nusu. Akakitazama. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza. Na mimi nikainama. Nikainama kumzidi! Nikatoka pale najiona balozi.

— Ulituwakilisha.

— Uwanja wa ndege mkalimani akaniuliza nilikuwa nakula wapi. Nikamsimulia kwa kujisifu. Baadaye akaniambia kwao punje moja ikibaki kwenye bakuli, umemwambia mpishi kazi yake haifai. Yule mama hakuwa ananiaga. Alikuwa ananiomba radhi.

Aliposema hivyo masikio yakamwaka upya, kama yalivyomwaka kule uwanjani. Mwanamke wa watu, na uzee ule, alikwenda kulala jioni sita akidhani wali wake umemshinda mgeni. Na aliyemfanyia hivyo hakuwa mtu wa mihogo. Alikuwa mkulima wa mpunga, mwana wa mkulima wa mpunga. Andongwisye aliona aibu ambayo hata mkewe hakumweleza yote.

— Nataka nimwandikie, — alisema. — Nataka ajue. Nisaidieni.

Baraza likafikiri. Mama Kahawa akamimina mzunguko wa pili.

— Mimi napinga, — alianza Sheria. — Hakuna kosa bila nia. Wahenga walishasema, asiyejua maana haambiwi maana. Kwa hiyo yule mkalimani ndiye mkosaji, kwa kukuambia.

— Nyote mmepotea, — alisema Dola. — Tazameni ushahidi. Wali unapungua, samaki anaongezeka. Mimi nimekaa mpakani miaka ishirini, nawajua wanadamu. Mwanamke hamwongezei mwanaume samaki bure. Yale ni mapenzi.

— Ana miaka kama themanini, Dola.

— Ng'ombe hazeeki maini.

— Alikuwa karibu kulia, nakwambia!

— Si ndiyo hayo? Kesho yake unaondoka.

Nahodha aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeombwa na taifa.

— Nyie mnaongelea bakuli. Mimi naongelea nchi. Nchi ile iko juu ya maji, ardhi inatikisika kila wiki. Sasa fikirini mtu kaacha wali kwenye bakuli, ardhi ikatikisika. Wali unakwenda wapi?

— Chini, — alisema Sheria.

— Chini kuna nini? Treni. Treni zao zinapita chini. Punje moja tu kwenye reli, mji mzima umesimama. Kwa hiyo kumaliza chakula kule ni usalama wa taifa. Mambo haya tulikuwa tunayaongea Itungi na mabaharia.

— Mabaharia wa Japani walifika Itungi?

— Sijasema walifika. Nimesema tulikuwa tunayaongea.

— Hapana, bwana, treni hapana, — alisema Dola, ambaye mapenzi yake yalikuwa yamepitwa. — Ni gundi. Japani kasema mwenyewe, unanata. Yale magari yao madogo yanayobeba magunia kumi na nane na watu tisa kutoka hapa mpaka Tukuyu, kwenye mashimo yale, hayafumuki. Mnafikiri ni bolti? Bolti gani inastahimili barabara ile? Ni wali ule. Wanakula kiasi, kinachobaki kinahesabiwa kwa serikali.

— Kwa hiyo huyu hapa...

— Siku sita anaacha pembeni malighafi ya kiwandani. Mama wa watu ilibidi aandike ripoti.

Sheria alilipima hilo. Alisema sheria ya malighafi ni ngumu, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba kwa mazingira hayo barua iwe fupi na isikiri kosa. Akaomba karatasi. Akaandika kwa herufi kubwa: KUH: WALI ULIOBAKI. Chini yake akaandika: Rejea kichwa cha barua hapo juu. Akasimama hapo, akatafuna kalamu.

Andongwisye aliangalia saa ya simu. Saa nne kasoro robo. Aliwaangalia wenzake watatu, watu aliokua nao, waliolima naye na kuzika naye, akaona wanafurahi sana. Hakuwalaumu. Angekuwa mwingine ndiye amekosea, yeye mwenyewe angekuwa ameshaleta nadharia ya nne.

— Mwambie ulishiba, — alisema Mama Kahawa.

Wakageuka wote. Alikuwa anapuliza mkaa.

— Nini?

— Aliyekupikia anataka kujua hilo tu. Kama ulishiba. Mengine ni yenu.

Andongwisye akamnyang'anya Sheria kalamu. Akageuza karatasi upande wa pili, akaandika kwenye goti, polepole, mwandiko wa darasa la saba:

*Mama, nilishiba jioni zote sita. Wali wako ulikuwa mtamu kuliko wowote niliokula ugenini, na samaki pia. Kwetu mgeni anaacha kidogo kwa ajili ya watoto wa nyumba, ndivyo mama yangu alivyonifunza. Sikujua kwamba nakuumiza. Huu ni mchele wa shamba langu. Haunati, utatusamehe. Ndaga fijo, maana yake asante sana.*

Akaisoma kwa sauti. Dola alisema mapenzi hayajakaa wazi. Nahodha alisema angalau treni zitajwe. Lakini walisema kwa sauti ya chini, na Sheria alitoa leso.

Gari la Nancy likasimama. Akashuka, kalamu sikioni, fomu mkononi, mwanamke mwenye haraka ambaye hata hivyo hawezi kupita watu wazima bila kuamkia.

— Ugonile, baba Lugano, — alimwamkia Andongwisye. — Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba. Ugonile, Katibu.

— Ndiyo mchele wenyewe? Mzuri. Vibali vyake nimeshavihangaikia. Mkalimani kasema atampelekea kwa mkono wake mwenyewe. — Akafungua fomu juu ya boneti. — Haya. Kwa nani?

— Kwa yule mama.

— Jina?

Andongwisye aligeukia wenzake. Wenzake wakageukia mashine.

— Jina la mpokeaji, baba. Anaitwa nani?

Mtu akakohoa. Ilikuwa pumba.

— Basi jina la duka, — alisema Nancy.

— Kibao kilikuwepo. Kimeandikwa kwao.

— Si una picha? Nionyeshe, mkalimani atasoma.

Hapo Andongwisye akachangamka. Akatoa simu, akaanza ya kwanza. Pweza. Kabichi. Samaki. Bakuli. Samaki. Bakuli. Nancy alitazama zote arobaini na moja kwa subira. Kwenye ya thelathini na saba palikuwa na mikono miwili ya kizee imeshika kibakuli kidogo, dole gumba limefungwa plasta. Uso haukuwepo. Mlango haukuwepo. Alikuwa amesogeza simu karibu ili wali uonekane.

— Ni nyuma ya hoteli, — alisema. — Unatoka, unakunja mkono wa kula, halafu unafuata harufu ya samaki.

— Baba Lugano, nyuma ya ile hoteli vibanda vya chakula ni vingi kuliko mabanda ya soko zima la Kyela. Na vyote vinanukia samaki.

— Ana kitambaa kichwani.

Nancy akairudisha kalamu sikioni. Hakuwa na ukali wowote; aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

— Umekula kwake siku sita, hukumuuliza jina?

Hapa kwetu huwezi kupewa maji ya kunywa kabla hujaulizwa wewe ni wa nani, baba yako ni Mwa-nani, na babu yako alitokea kijiji gani. Andongwisye alilijua hilo kuliko watu wote. Aliwaza jioni zile sita, adabu yote ile aliyoibeba kutoka Ngonga mpaka ng'ambo ya dunia, vijiko viwili pembeni, kuinama kumzidi. Hata lake mwenyewe hakumwambia. Na hapa benchini, saa nzima, walikuwa wamemjadili yule mama umri wake, mapenzi yake na gundi yake, na hakuna aliyeuliza anaitwaje.

— Ndege haisubiri, baba, — alisema Nancy kwa upole. — Sampuli nyingine zinakwenda mwezi wa tisa. Ukilipata jina, nitaupeleka.

Gari likaondoka. Mfuko ukabaki mapajani.

— Ungemwambia aandike Mama Osaka, — alisema Nahodha. — Ingefika. Mbona hapa mtu akiandika Mama Kahawa, Ipinda, barua inafika?

— Inafika, — alikubali Sheria.

— Inafika vizuri kabisa, — alisema Dola.

Mama Kahawa alikuwa anakusanya vikombe. Alivichukua kimoja kimoja, akamwaga chini kahawa waliyobakiza, akavipanga kwenye ndoo. Andongwisye alimtazama mpaka alipofika kwenye cha kwake. Miaka saba alikuwa anakunywa kwenye kikombe kile.

— Mama Kahawa, — alisema, — hivi wewe jina lako nani?

Sheria alivuta pumzi kujibu kwa niaba yake, kisha akaiachia. Dola aliinamia viatu vyake. Nahodha aligeukia upande wa ziwa, ingawa kutoka Ipinda ziwa halionekani.

Mwanamke akasimama na kikombe mkononi, akimwangalia kuona kama anataniwa.

— Unalitakia nini? Unataka kunitumia mchele?

Hakuna aliyecheka. Andongwisye alikuwa bado anamtazama, anangoja.

— Damaris, — alisema hatimaye. Akalinyanyua birika, akalitikisa sikioni. — Na kahawa imeisha.